Doa la buluu: Jinsi taa inavyofichua sumukuvu kwenye mahindi yetu

Na Mwandishi Wetu

IJUMAA ya Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilitoa barua ya kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda. Sababu iliyotolewa ni kwamba uchunguzi ulionyesha mahindi hayo yana sumukuvu kupita kiwango kinachokubalika. Malori yaliyokuwa njiani yakakwama mpakani, Namanga ikiwa mojawapo ya sehemu hizo, huku wenye mali wakihesabu hasara kila jua lilipozama.

Siku tano baadaye, Machi 10, zuio hilo lililegezwa kwa masharti. Mwagizaji alitakiwa kujisajili, shehena iwe na cheti cha nchi ilikotoka, tena iwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumu aina ya aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Biashara ikaendelea, lakini swali moja halikuondoka na malori yale. Mahindi ambayo kwa macho ni meupe, makavu na hayana harufu, mtu anajuaje kwamba yana sumu? Na akipima mtu wa upande huu wa mpaka, kwa nini wa upande wa pili aamini?

Jibu la swali la kwanza limekuwapo kwa zaidi ya miaka 60. Linahitaji kibao kidogo kilichopakwa unga mweupe, kimiminika kidogo, chumba chenye giza na taa ya zambarau. Jibu la swali la pili ni gumu zaidi, na ndilo linaloihusu Jumuiya yetu.

Si suala la biashara tu

Kabla ya kufika maabara, tukumbuke kwa nini mahindi yanapimwa. Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua katika wilaya za mashariki mwa Kenya, zikiwamo Makueni na Kitui. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakajaa maji, maini yakashindwa kufanya kazi. Watu 125 walifariki. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya shambani kwao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Wachunguzi walipokusanya sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kwenye masoko 65 ya eneo hilo, asilimia 55 zilizidi sehemu 20 kwa bilioni, kiwango cha juu kilichoruhusiwa Kenya wakati huo. Asilimia saba zilizidi sehemu 1,000.

Mwaka 2016 msiba kama huo uliikumba Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wagonjwa walikuwa 68 na waliofariki 20.

Hao ni waliokula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kila siku haanguki. Anakwenda shambani, analea watoto, na miaka inapita huku ini likiharibika. Aflatoksini B1 imo katika orodha ya vitu ambavyo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limethibitisha kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Kwa kuwa haiondolewi na moto wa kawaida wa jikoni, ugali ulioiva vizuri hauna tofauti na unga uliotoka nao.

Bata mzinga wa Uingereza, karanga za Uganda

Sumu hii ilijulikana kwa sababu ya kuku na bata. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza katika miezi michache kwa maradhi ambayo hayakuwa na jina. Madaktari wa mifugo walitafuta kirusi, wakatafuta bakteria, wasipate kitu. Hatimaye kidole kilielekezwa kwenye chakula chao, mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil.

Kwa muda ilionekana kuwa tatizo ni la Brazil peke yake. Lakini maelfu ya vifaranga wa bata nao walikufa Kenya kwa dalili zinazofanana, na chakula chao hakikutoka Amerika ya Kusini. Watafiti mjini London walipochukua sampuli ya karanga kutoka Uganda iliyokuwa na sumu kali, waliotesha kuvu waliomo ndani yake na kumpata mhusika. Alikuwa Aspergillus flavus, kuvu wa kawaida anayeishi kwenye udongo na kwenye mabaki ya mazao. Kutoka kwenye jina lake ndipo likaundwa jina aflatoksini.

Jinsi walivyoiona sumu yenyewe ndilo jambo la kuvutia. Walitengeneza dondoo kutoka kwenye karanga zenye sumu, wakalitawanya kwenye karatasi maalumu, kisha wakaliangalia chini ya taa ya miale ya urujuanimno. Doa likang'aa buluu. Kila dondoo lililoua vifaranga wa bata lilikuwa na doa hilo.

Walipohamia kwenye njia bora zaidi ya kutenganisha kemikali, ile ya tabaka jembamba, waligundua kwamba hiyo si sumu moja. Mengine yaling'aa buluu na mengine kijani. Waliyaita B na G, herufi za kwanza za majina ya rangi hizo kwa Kiingereza. Kila kundi likagawanyika mara mbili kulingana na umbali wa doa kwenye kibao, ndipo zikapatikana B1, B2, G1 na G2. Majina yanayoandikwa leo kwenye vyeti vya mpakani yalitokana na kile ambacho jicho liliona kwenye giza.

Taa ya duka na kwinini ya Stokes

Msomaji ambaye hajawahi kuingia maabara anaufahamu mng'ao huu. Katika maduka mengi ya miji yetu kuna kitaa cha zambarau karibu na droo ya fedha. Mwenye duka akitilia shaka noti, anaipitisha chini yake. Alama ambazo hazikuonekana zinajitokeza ziking'aa. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga nalo hung'aa chini ya taa hiyo, kwa sababu ya kemikali ya kung'arisha iliyomo kwenye sabuni.

Kinachotokea ni hiki. Taa inatoa miale ambayo jicho la binadamu haliioni. Baadhi ya kemikali huinyonya miale hiyo, hupoteza sehemu ndogo ya nguvu yake, na kuitoa iliyobaki kama mwanga unaoonekana. Mwanasayansi George Stokes aliyekuwa Cambridge, Uingereza, alilieleza jambo hili mwaka 1852 baada ya kuchunguza, pamoja na vitu vingine, mmumunyo wa kwinini, dawa ile ile ya malaria, ambao hutoa mwanga wa buluu ukipigwa na jua. Ndiye aliyeupa mng'ao huo jina fluoresensi.

Aflatoksini imeumbwa ikiwa na tabia hiyo. Ikipigwa na miale yenye urefu wa wimbi wa nanometa 365, aina ya B hutoa mwanga wa buluu wa nanometa 425 hivi, na aina ya G hutoa wa nanometa 450 hivi, unaoonekana kama kijani. Haihitaji kupakwa rangi wala kuchanganywa na dawa ili ionekane. Kinachohitajika ni kuitenganisha na vitu vingine vilivyomo kwenye punje, kwa kuwa navyo vina mng'ao wake.

Ndani ya chumba cha giza

Kazi huanza kwenye kinu. Mahindi husagwa kuwa unga laini na kuchanganywa vizuri. Mtaalamu hupima kiasi, tuseme gramu 50, na kuutikisa unga huo pamoja na kimiminika kinachoweza kuiyeyusha sumu, kwa mfano klorofomu, au methanoli iliyochanganywa na maji. Huchuja, husafisha mafuta na rangi za mmea, kisha hukausha kimiminika hadi kinabaki kidogo sana, chenye kila kilichokuwa kimeyeyuka.

Halafu huja kibao. Ni kipande cha kioo au bati la alumini kilichopakwa tabaka jembamba la silika, unga mweupe ulioshikana. Kwa sindano nyembamba, mtaalamu hudondosha tone dogo la dondoo karibu na ukingo wa chini. Pembeni yake, kwenye mstari huo huo, hudondosha matone ya aflatoksini halisi ambayo kiasi chake kinajulikana. Hayo ndiyo mizani yake.

Kibao husimamishwa ndani ya chombo chenye kimiminika kidogo chini, mara nyingi klorofomu na asetoni kwa uwiano wa tisa kwa moja. Kimiminika hupanda taratibu kwenye silika kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, kikibeba kila kemikali kwa mwendo wake. Zinazoshikwa sana na silika hubaki nyuma, zisizoshikwa sana hutangulia. B1 hufika juu kuliko wenzake, ikifuatiwa na B2, halafu G1, na mwisho G2.

Kibao hutolewa na kukaushwa. Taa ya kawaida huzimwa, ya urujuanimno huwashwa. Kama sumu imo, madoa hujitokeza. Mtaalamu huuliza mambo matatu. Je, doa la sampuli limefika kimo kile kile cha doa la mizani? Je, rangi yake ni ile ile? Na je, ukali wa mng'ao wake unalingana na tone lipi kati ya yale yenye kiasi kinachojulikana?

Hesabu yake haina miujiza. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja, na B1 peke yake isizidi mikrogramu tano. Mikrogramu 10 kwa kilo maana yake ni milligramu moja katika gunia zima la kilo 100, uzito wa chembe chache za chumvi. Katika gramu 50 za unga wa gunia hilo kuna nusu ya mikrogramu. Dondoo likikaushwa hadi nusu ya mililita, tone la mikrolita tano litabeba nanogramu tano. Nanogramu ni sehemu ya bilioni ya gramu. Hata hivyo, doa la nanogramu tano linaonekana kwa macho, bila kompyuta.

Ndiyo sababu njia hii imedumu. Maabara kubwa leo zina mashine zinazotenganisha kemikali ndani ya bomba na kuupima mng'ao kwa kifaa, tena zinatoa tarakimu kamili kuliko jicho. Lakini mashine hizo ni ghali, zinataka vipuri, umeme usiokatika na fundi. Kibao na taa vinaweza kufanya kazi katika maabara ya wilaya, na sampuli kadhaa hupimwa kwa pamoja kwenye kibao kimoja.

Taa haitoi hukumu peke yake

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na mfanyabiashara anapaswa kuyajua ili asidanganywe.

Kosa la kwanza ni kumulika punje zenyewe na kutoa hukumu. Ni kweli kwamba mahindi yaliyovunjwa, yakimulikwa, huweza kuonyesha mng'ao mkali wa kijani-manjano. Lakini mng'ao huo hautokani na aflatoksini. Unatokana na asidi ya kojiki, kemikali nyingine inayotengenezwa na kuvu huyo huyo, baada ya kubadilishwa ndani ya punje. Unaonyesha kwamba kuvu alipita hapo. Hausemi kama aliacha sumu, wala kiasi gani. Shehena inayong'aa inastahili kupimwa. Kuikataa kwa sababu hiyo tu ni kumwonea mwenye mali, na kuipitisha isiyong'aa bila kuipima ni kumwonea mlaji.

Kosa la pili ni kuamini rangi bila kuangalia kimo. Mimea ina kemikali nyingi zinazong'aa buluu. Kwa hiyo mtaalamu makini hufanya jaribio la ziada, kama vile kunyunyizia asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Doa la aflatoksini hugeuka kutoka buluu kuwa manjano. Doa likibaki buluu, si aflatoksini. Likigeuka manjano, hoja inapata nguvu, ingawa jaribio hilo peke yake halitoshi kuithibitisha.

Kosa la tatu, na kubwa kuliko yote, hufanyika kabla sampuli haijafika maabara. Kuvu haenei sawasawa. Katika gunia lenye maelfu ya punje, chache zinaweza kubeba karibu sumu yote. Anayechoma bambo kwenye gunia moja mlangoni mwa lori na kuchota kiganja kimoja anaweza kukosa punje hizo kabisa, au akazikusanya zote. Shehena ile ile itapata cheti safi asubuhi na kukataliwa jioni, bila mtu yeyote kusema uongo. Sampuli ya haki hukusanywa kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, kisha husagwa na kuchanganywa kabla ya kugawanywa.

Yapo pia mambo ya usalama. Klorofomu haifai kuvutwa puani, miale ya urujuanimno huumiza macho, na mizani ya aflatoksini ni sumu yenyewe. Kazi hii si ya kufanyia jikoni.

Doa jeusi la dawa

Mng'ao huu una upande wake wa pili, unaotumika kukagua dawa. Vibao vya kazi hiyo huchanganywa na poda inayong'aa kijani chini ya taa ya nanometa 254. Kibao chote huwa kijani. Dawa nyingi hazing'ai, bali hufyonza miale hiyo. Pale zilipo, kijani huzimika na doa jeusi huonekana.

Taasisi ya Ujerumani iitwayo Global Pharma Health Fund ilitengeneza sanduku lenye vifaa hivyo, liitwalo Minilab, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizolitumia kukagua dawa katika vituo vya kuingilia bidhaa. Kidonge husagwa, huyeyushwa, na doa lake huwekwa katikati ya madoa mawili ya mizani, moja la asilimia 100 ya dawa inayotakiwa na jingine la asilimia 80. Kidonge cha chokaa hakitoi doa. Chenye dawa pungufu hutoa doa dogo lililofifia. Kinachotiliwa shaka hupelekwa maabara kuu kwa uchunguzi kamili.

Utaratibu huo una somo kwa mahindi. Kibao huchuja mapema na kwa gharama ndogo, mashine kubwa hutoa neno la mwisho, na kila kituo kinatumia mizani ile ile.

Kiwango kimoja, vipimo vingapi?

Turudi Namanga. Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina kiwango kimoja cha mahindi. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Aflatoksini isizidi 10, B1 isizidi tano. Kwenye karatasi, Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda na Mrundi wanakula chini ya sheria moja.

Lakini kiwango ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni namna ya kukifikia. Kama kituo cha upande mmoja kinachota sampuli kwa bambo mara mbili na cha upande wa pili mara 40, kiwango ni kimoja ila majibu ni mawili. Kama maabara moja ina mizani mipya ya aflatoksini na nyingine inatumia ya zamani iliyopoteza nguvu kwa kukaa kwenye mwanga, doa moja litasomwa kwa namna mbili. Mkulima aliyekataliwa ataona ni hila za kibiashara. Mlaji aliyeuziwa mahindi yaliyopitishwa kimakosa hataona chochote, na huyo ndiye anayelipa kwa ini lake.

Tiba yake inafahamika na haina gharama ya kutisha. Maabara za nchi wanachama zigawiwe sampuli ile ile, kila moja ipime bila kujua jibu la mwenzake, kisha majibu yalinganishwe. Iliyokosea isahihishwe. Inayofaulu, cheti chake kikubalike kila mpaka bila mahindi kupimwa upya. Hapo ndipo zuio kama la Machi 2021 litakapohusu shehena fulani yenye namba yake, badala ya kuhusu nchi mbili nzima.

Mpaka halisi uko ghalani

Hata hivyo, maabara haipunguzi sumu. Huonyesha tu iliyokwisha kuingia. Waathirika wengi wa mwaka 2004 walikula mahindi ya ghala lao wenyewe, ambayo hayakupita mpaka wowote wala kuonwa na taa yoyote.

Kinga yao ilikuwa katika mambo ambayo bibi shamba na bwana shamba hawachoki kuyarudia. Mahindi yavunwe yakikomaa, yaanikwe juu ya turubai na si juu ya udongo, yahifadhiwe yakiwa makavu kweli, mahali penye hewa na pasipovuja. Punje zilizooza, zilizovunjika na zilizobadilika rangi zitolewe, zisipewe hata kuku au ng'ombe. Ng'ombe anayelishwa pumba zenye B1 huitoa kwenye maziwa ikiwa imebadilika kuwa aina iitwayo M1, ambayo nayo inang'aa buluu kwenye kibao. Kukoboa husaidia, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini.

Familia haina kibao cha silika wala taa ya nanometa 365, lakini ina turubai na jua. Serikali zetu zina maabara na wataalamu. Kila mmoja akifanya sehemu yake, lori litakalofika Namanga msimu ujao litakuwa na mahindi ambayo yamekwisha kuwa salama kabla hayajapakiwa, na cheti ambacho afisa wa upande wa pili hana sababu ya kukitilia shaka.